NYAMA YA PORI KATIKA BUCHA: GHARAMA YAKE ILIYO KAMILI

Katika miji na vijiji vingi vya Kenya hutokea ya kuwa bucha moja huuza nyama kwa bei iliyo chini kuliko mabucha mengine ya mtaa ule ule. Mnunuzi aulizapo sababu, huambiwa ya kuwa ng'ombe walikuwa wengi mnadani wiki hii. Akiwa ni mtu anayejulikana, hunong'onezwa ya kuwa leo kuna nyama ya pori. Baba mwenye watoto sita na mshahara mdogo hawezi kulaumiwa akisimama na kusikiliza, kwani nyama ni ghali, na kila shilingi anayoiokoa ina kazi yake nyumbani. Hata hivyo yafaa ajue jinsi bei ile ilivyopatikana. Katika biashara ya nyama hakuna gharama inayofutika yenyewe. Ikiwa mwuzaji hakuilipa, basi mtu mwingine ameilipa au atailipa baadaye, na mara nyingi mtu huyo ni mnunuzi mwenyewe.

Watu wengi hudhani ya kuwa nyama ya pori inapaswa kuwa rahisi. Husema ya kuwa mnyama wa mwitu hakununuliwa, hakupelekwa kwenye josho, hakulishwa wala hakupigwa sindano. Alikua mwenyewe kwa majani ya Mungu. Maneno hayo ni ya kweli, lakini yanahusu mnyama aliye hai na anayekimbia nyikani. Nyama iliyotundikwa kwenye ndoano ya bucha ni jambo lingine kabisa.

HESABU YA NG'OMBE NA SWALA

Chukua mfano wa ng'ombe wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 260 akiwa hai. Akichinjwa na kuchunwa, na matumbo yakatolewa, nyama na mifupa itakayotundikwa ni kama nusu ya uzito ule, yaani kilo 130 hivi. Kwa nyama hiyo yote amechinjwa mnyama mmoja, imechunwa ngozi moja, mkaguzi amepasua na kutazama maini na mapafu ya mnyama mmoja, na gari limekwenda safari moja. Ng'ombe yule, zaidi ya hayo, alikwenda machinjioni kwa miguu yake mwenyewe au alipanda lori akiwa hai, nyama yake ikiwa salama ndani ya ngozi yake.

Sasa tazama swala tomi, yule mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni, anayeonekana katika mbuga za Athi na Narok. Mmoja mwenye kilo 20 hutoa kama kilo 11 au 12 tu za kutundikwa. Ili kulipata fungu lile lile la ng'ombe mmoja yahitajiwa swala kumi na mmoja. Hiyo ni risasi kumi na moja ikiwa mpigaji hakosei hata mara moja, ngozi kumi na moja za kuchunwa, na matumbo kumi na moja ya kukaguliwa. Swala pala ni mkubwa zaidi, na kongoni na pundamilia ni wakubwa kuliko huyo, lakini hesabu haibadiliki sana. Hakuna hata mmoja wao atakayekubali kuswagwa mpaka machinjioni. Ni lazima machinjio yamfuate yeye.

Hayo si maneno ya kukisia tu, kwa maana kazi hiyo iliwahi kufanywa Kenya kwa njia ya halali. Uwindaji ulipigwa marufuku mwezi wa Mei 1977, na mwaka uliofuata, 1978, biashara ya vitu vitokanavyo na wanyama wa mwitu ikakatazwa pia. Lakini tangu mwaka 1990 Serikali ilijaribu utaratibu mwingine. Wenye mashamba makubwa, hasa katika sehemu za Machakos, Laikipia na Nakuru, walipewa ruhusa ya kuvuna idadi fulani ya wanyama wanaokula majani katika ardhi zao. Utaratibu huo uliendelea mpaka mwaka 2003.

Kwanza wanyama walihesabiwa, ili ijulikane ni wangapi wangeweza kuondolewa bila kupunguza kundi. Baadaye idadi ikawekwa, na mwenye shamba hakuruhusiwa kuipita. Kazi yenyewe ilifanywa zaidi wakati wa usiku, kwa gari na taa kali, kwa sababu mnyama aliyemulikwa husimama, na usiku wenye baridi hauozeshi nyama upesi. Mpigaji alilenga kichwa au shingo. Risasi ikipita tumboni au pajani, sehemu kubwa ya nyama imeharibika, na mnyama aliyekimbia kwa hofu na maumivu kabla ya kufa hutoa nyama ngumu isiyodumu. Kisha alitolewa damu papo hapo, akapelekwa haraka mahali pa kuchunia, akakaguliwa, akawekwa katika chumba cha baridi. Mtu akijumlisha mshahara wa mpigaji, wachunaji na mkaguzi, petroli ya gari na umeme wa chumba cha baridi, ataona mara moja kwa nini nyama ile haikuwa chakula cha maskini. Ilikwenda katika mabucha machache yenye kibali, na zaidi katika mahoteli ya watalii. Hoteli ya Carnivore ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1980, ilipata sifa katika nchi za ng'ambo kwa nyama ya pundamilia na kongoni iliyochomwa juu ya makaa, mpaka ruhusa ile ilipokoma.

Hata kabla ya hapo jaribio la namna hiyo lilikuwa limefanywa. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango katika nchi kavu ya mto Galana, mashariki ya Tsavo, kwa ajili ya Wawata, ambao watu wengine huwaita Waliangulu. Hao ni mabingwa wa upinde na mshale wenye sumu, waliokuwa wakiwinda tembo tangu enzi za babu zao. Ilikusudiwa wapate riziki yao kwa njia ya sheria, nyama na pembe zikiuzwa. Lakini nchi ile ina joto kali, barabara zilikuwa chache, na masoko yalikuwa mbali. Tembo mmoja ni mlima wa nyama, na mlima wa nyama katika jua la Galana hauna siku mbili. Jambo lililojulikana huko ndilo linalojulikana popote pengine: kumwua mnyama si kazi kubwa, kazi kubwa ni kuifikisha nyama yake kwa mlaji ikiwa ingali chakula.

WAYA WA BEI RAHISI

Basi ikiwa nyama ya pori iliyopatikana kwa njia ya halali ilikuwa ghali namna hiyo, ile ya kunong'onezwa yawezaje kuwa rahisi? Jibu ni fupi. Gharama zote zilizotajwa hapo juu zimeachwa. Hakuna aliyehesabu kundi, hakuna kibali, hakuna risasi, hakuna mkaguzi, hakuna chumba cha baridi. Kuna kipande cha waya tu, kilichokatwa kwenye ua wa shamba au kwenye nguzo ya simu, kikafungwa kitanzi na kutegwa katika njia ya wanyama wanapokwenda kunywa maji.

Waya hauchagui. Humkamata dume na jike mwenye mimba, swala na mtoto wa twiga, na mara nyingi hukamata mnyama asiyetakiwa kabisa, kama simba au fisi, au hukata mkonga wa tembo. Mtegaji mmoja huweza kutega waya nyingi, na akiogopa askari wa wanyama, ambao wazee wa mahali pengi bado huwaita watu wa Bwana Nyama, hakai karibu kuzilinda. Hurudi kesho yake, au baada ya siku mbili. Wanyama wengine atawakuta wameliwa na fisi. Wengine wameanza kunuka, naye atawaacha. Yule anayefaa, au anayeonekana kufaa, atakatwa vipande pale pale juu ya majani, apakiwe ndani ya gunia, na kupelekwa kwa pikipiki usiku. Kwa kila mnyama anayefika bucha, kuna wengine waliokufa bure. Katika nchi ya Serengeti na Mara, wataalamu wamekadiria ya kuwa nyumbu wanaouawa kila mwaka na wawindaji wa magendo ni makumi ya maelfu.

Na faida inakwenda wapi? Mtegaji ndiye anayekesha porini na kukabili nyati na bunduki za askari, lakini apatacho ni kidogo. Karibu na hifadhi nyama hiyo huuzwa rahisi kuliko ya mbuzi, kwa sababu kila mtu aijua. Ikifika mjini, ikiwa imetolewa mifupa na ngozi, haiitwi tena nyama ya pori. Huitwa nyama ya ng'ombe, na huuzwa kwa bei ya ng'ombe. Hapo ndipo penye ujanja wote. Mnunuzi wa kijijini huambiwa ukweli akauziwa rahisi. Mnunuzi wa mjini hufichwa ukweli akalipa bei kamili. Tofauti ya bei hizo mbili humbakia mchukuzi na mwenye bucha.

Mwaka 2004 chama cha Born Free kilichunguza vipande 202 vya nyama vilivyonunuliwa katika mabucha ya Nairobi. Ilionekana ya kuwa asilimia 25 vilikuwa nyama ya pori, na asilimia 19 vingine vilikuwa mchanganyiko wa nyama ya pori na ya mifugo. Wengi wa watu wanunuao nyama ya namna hiyo hawakukusudia kamwe kula pundamilia. Walikwenda kununua nusu kilo ya ng'ombe kwa ajili ya chakula cha jioni.

KIBUDU NA KIMETA

Kwa Mwislamu jambo hili lina uzito wa pekee. Mnyama aliyenyongwa na waya ni kibudu, na kibudu ni haramu, hata kama jina lake ni swala ambaye angechinjwa kwa kisu angekuwa halali. Ngiri ni haramu kwa kila hali. Mtu mwenye kujihadhari maisha yake yote anaweza kulishwa haramu kwa sababu ya tamaa ya mtu mmoja mwenye mizani na panga, wala asijue mpaka kufa kwake. Hasara hiyo hailipiki kwa shilingi.

Ya afya ni ya watu wote. Ugonjwa wa kutisha kuliko yote katika nyama isiyokaguliwa ni kimeta. Ugonjwa huu hukaa ardhini kwa miaka mingi, ukijificha kama mbegu ndogo mno, na huwapata wanyama walao majani, wa kufugwa na wa mwitu. Mwaka 2015 nyati wengi walikufa kwa kimeta katika hifadhi ya Ziwa Nakuru, na mwaka 2019 ugonjwa ukatokea tena pale pale. Mnyama wa kimeta hufa ghafula, naye huonekana amenona na mwenye afya, damu isiyoganda ikimtoka puani na nyuma. Mtegaji amkutaye amelala karibu na mtego hawezi kujua kama aliuawa na waya au na ugonjwa. Na hata akishuku, ameshapoteza usiku mzima naye ana wanunuzi wanaomngoja. Anayechuna ndiye wa kwanza kuumia, kwa donda jeusi la mkononi au la usoni. Anayekula huumia tumboni, na ugonjwa ukichelewa kutibiwa huua. Wako wanaosema ya kuwa nyama ikichemshwa sana haina neno. Hilo ni kosa la hatari. Mbegu za kimeta hustahimili moto wa jikoni.

Kuna minyoo pia. Mwaka 1961 madaktari waliandika habari za vijana wa karibu na Mlima Kenya walioshikwa na homa, uvimbe na maumivu makali ya misuli baada ya kula nyama ya nguruwe mwitu isiyoiva vizuri. Ndani ya nyama ile walikuwamo minyoo wadogo sana ambao hujikunja katika misuli ya mnyama, kisha huhamia katika misuli ya mtu aliyemla. Ugonjwa huo ulikuwa haujapata kuandikwa katika Afrika iliyo kusini ya Sahara kabla ya hapo. Mkaguzi mwenye kisu na darubini huweza kuwaona minyoo hao. Macho ya mpishi hayawezi.

Hiyo ndiyo maana ya mhuri wa wino uliopigwa juu ya paja la ng'ombe, ambao watu wengi huutazama kama uchafu wa kukatwa na kutupwa. Sheria ya Kenya ya kusimamia nyama, iliyowekwa mwaka 1972, yataka mnyama achinjwe mahali palipokubaliwa, nyama yake ikaguliwe na kupigwa mhuri, na ichukuliwe ndani ya sanduku lililofungwa, ikiwa na cheti. Mnunuzi ana haki ya kuomba kuuona mhuri. Bucha ambalo kila siku lina nyama ya vipande visivyo na mifupa, wala halina hata siku moja paja zima lenye mhuri, limekwisha kujibu swali kabla ya kuulizwa. Nyama ya pori yenyewe huwa nyekundu iliyokoza, haina mafuta meupe ndani yake, na hukauka upesi kwenye sufuria. Lakini mnunuzi asitegemee rangi peke yake, maana ng'ombe mzee aliyekonda naye huwa hivyo hivyo, na nyama iliyosagwa haina sura.

GHARAMA YA MAHAKAMANI

Wengi hufikiri ya kuwa sheria humkamata mwindaji tu. Sivyo ilivyo. Sheria ya wanyama wa mwitu ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika mwezi wa Januari 2014, ilimtaja mwenye kuwinda kwa ajili ya biashara ya nyama, na pamoja naye mwenye kupatikana na nyama hiyo au kuifanyia biashara. Ilipotungwa, iliweka faini isiyopungua shilingi 200,000, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Mtu aliyebeba mfuko wa nyama ya swala kutoka buchani amepatikana nayo.

Tuseme mtu huyo ameokoa shilingi 200 katika kila kilo. Ingembidi anunue kilo 1,000 ndipo akiba yake ilingane na faini ile ndogo kabisa. Familia inayokula kilo mbili kila juma ingetumia zaidi ya miaka tisa kufikia hapo, bila kukamatwa, na bila kuugua hata mara moja.

Wengine huuliza kwa nini Serikali haikuendeleza ule utaratibu wa kuvuna, ili watu wale nyama ya pori iliyokaguliwa. Swali hilo ni la haki. Mojawapo ya sababu zilizoukomesha ni hii hii ya bucha: nyama ya halali na nyama ya wizi zikishatundikwa pamoja hazitambulikani, na kibali cha kilo mia moja chaweza kufunika kilo mia tano. Usimamizi ulikuwa mdogo, na watu waliokuwa na karatasi sahihi hawakuwa wote na nyama sahihi. Tangu hapo wapo wenye mashamba wanaoendelea kusema ya kuwa mtu asiyepata faida kwa pundamilia hana sababu ya kumwachia majani na maji ya ng'ombe wake, na hoja yao haikupata kujibiwa kikamilifu. Wataalamu waliolinganisha hesabu za tangu mwaka 1977 mpaka 2016 waliona ya kuwa wanyama wakubwa wa mwitu katika nchi kavu za Kenya walipungua kwa kiasi cha asilimia 68. Si waya peke yake uliofanya hivyo. Watu wameongezeka, nyua zimejengwa, mifugo imezidi, na mvua imekosekana miaka mingi. Lakini kundi lililokwisha kubanwa na ua na ukame halina wanyama wa ziada wa kumpa mtegaji.

Jirani zetu wa Tanzania wamechagua njia nyingine. Mwaka 2020 Serikali ya nchi hiyo ilitoa kanuni za kuuza nyamapori, na mabucha ya nyamapori yenye leseni yakaanza kufunguliwa chini ya uangalizi wa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Mwananchi aweza kuingia dukani mchana, akanunua, akaondoka bila kificho. Huko nako hesabu ya swala kumi na mmoja haikubadilika: lazima leseni ilipwe, mnyama apatikane kwa njia iliyoruhusiwa, nyama ikaguliwe na kuwekwa baridini, na gharama hizo zote ziingie katika bei.

Ni muhimu wasafiri wakumbuke ya kuwa ruhusa hiyo ni ya upande ule wa mpaka tu. Mtu aliyenunua nyamapori kwa haki kabisa katika bucha la Arusha, akaifunga vizuri katika mfuko wake na kupanda basi kurudi Nairobi, akivuka Namanga anakuwa katika nchi ambayo kupatikana na nyama hiyo ni kosa. Risiti ya Arusha haitamsaidia mbele ya hakimu wa Kajiado. Nyama iliyobaki na iliwe kabla ya kufika kwenye kizuizi cha forodha, au apewe mwenyeji.